Shingo Ikikataa Kuinama, Usisubiri Vidonge vya Malaria Viishe

Huku kwetu Kisumu, homa kwanza ni malaria. Mazoea hayo yana msingi, kwa sababu ukanda wa ziwa ndio unaoongoza kwa malaria nchini. Lakini ndiyo yanayowachelewesha baadhi ya watoto tunaowapokea wodini wakiwa wamezidiwa: walianza na homa na kichwa, wakapimwa malaria, wakapewa vidonge vya siku 3, wakarudi nyumbani. Shingo, ambayo ikikakamaa huashiria homa ya uti wa mgongo, haikuguswa na mtu.

Kipimo cha malaria kinaeleza jambo moja tu, kwamba vimelea vimo mwilini. Hakisemi kwamba hakuna ugonjwa mwingine. Katika kaunti za ukanda huu kama Siaya au Homa Bay, mtoto anaweza kuwa na vimelea na bado akacheza vizuri. Siku bakteria wakivamia utando wa ubongo, malaria itaonekana kwenye kipimo, na homa ya uti wa mgongo itaendelea kumla bila kutajwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa homa ya uti wa mgongo ya bakteria huua mgonjwa 1 kati ya 6, na wengine hupona wakiwa viziwi au na kifafa. Masaa yana thamani hapa.

Utando huo ukivimba, kuinamisha kichwa huuvuta, na misuli ya shingo hujikaza yenyewe kuzuia uchungu. Mama aliyebeba mzigo kichwani kutoka soko la Kibuye ataumwa akigeuka upande, lakini kidevu chake kitafika kifuani. Mwenye homa ya uti wa mgongo anaweza kugeuka kiasi. Kuinama ndiko kunakomshinda. Mwambie mtoto aangalie kitovu chake. Akiinamisha kiwiliwili kizima huku shingo imenyooka, au akifungua mdomo ili kidevu kishuke, mpeleke hospitali sasa hivi. (Aliyeanguka kutoka kwenye bodaboda usimjaribu hivi, shingo yake isisogezwe.)

Shingo laini nayo isikudanganye. Mtoto mchanga huenda asikakamae kabisa: tazama kama utosi umevimba akiwa ametulia, kama amekataa kunyonya, kama amelegea. Na anayeishi na virusi vya UKIMWI, akiumwa kichwa kwa wiki kadhaa, apimwe homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu hata kama shingo inainama.

Sasa kuhusu kutoa maji ya mgongo kwa sindano ili yapimwe, maana hapo ndipo tunapopoteza muda mwingi. Mzazi akiombwa sahihi, hupiga simu nyumbani, na nyumbani wanasema: usikubali, fulani alidungwa akafa. Naelewa hofu hiyo. Kipimo hiki hufanyiwa watu ambao tayari ni mahututi, kwa hiyo kifo kinachofuata hubebeshwa sindano. Ukweli ni kwamba kwa mtu mzima uti wa mgongo wenyewe huishia juu ya mahali tunapodunga, sehemu ya chini ya kiuno. Tunachukua mililita chache tu, na mwili wa mtu mzima hutengeneza kama mililita 500 za maji hayo kila siku. Kichwa kinaweza kuuma siku chache baadaye. Daktari akiona dalili za shinikizo kubwa kichwani, huahirisha kipimo na kuanza dawa. Bila maji hayo hatujui ni mdudu gani, wala dawa itolewe kwa siku ngapi. Tafadhali, kubali.

Kuna kukakamaa kwingine kwa shingo ambako huanzia tayani. Mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi ana pepopunda: mdomo haufunguki, kisha shingo na mgongo vinakaza, na kelele ndogo tu au mguso unamtia mkakamao, huku akili yake ikiwa timamu na akisikia kila kitu. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi, na dalili huja kati ya siku 3 na 21 baada ya kidonda, wakati mwingine kidonda kimeshapona. Wanawake huchanjwa wakiwa wajawazito. Mwanamume anayelima mpunga Ahero, aliyechanjwa mara ya mwisho akiwa mtoto, hana kinga ya kutegemea. Ukikatwa na jembe, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha uende kituo cha afya siku hiyo hiyo ukapate sindano ya pepopunda.

Kuna na shingo inayopinda ghafla, macho yakipanda juu na ulimi ukitoka, kwa kijana aliyekuwa mzima jana. Familia huita waombaji. Uliza kwanza amemeza nini: dawa ya kuzuia kutapika aina ya metoklopramaidi, au haloperidoli ya magonjwa ya akili, zinaweza kuleta hali hii ndani ya siku chache, na sindano moja mara nyingi huifungua kwa dakika chache. Kwa hiyo mkija hospitali, bebeni pakiti za dawa zote alizotumia, hata zile tupu, pamoja na kijitabu cha chanjo kama ni mtoto.