Jaboya, omena na hatari ya virusi vya Ukimwi kandokando ya Ziwa Victoria

Katika fuo za Ziwa Victoria upande wa Kenya, kuanzia Siaya na Kisumu hadi Homa Bay na Migori, mvuvi anayemuuzia mwanamke omena, yaani dagaa wa ziwani, na wakati huohuo akawa mpenzi wake huitwa jaboya. Wengi wanaoizungumzia desturi hii kanisani, redioni na hata katika semina za afya husema kwamba mwanamke hana pesa, kwa hiyo analipia samaki kwa mwili wake. Mimi ni mtafiti wa afya ya jamii, na maelezo hayo yananisikitisha kwa sababu yanapotosha chanzo cha hatari. Mara nyingi mwanamke mwenye jaboya hulipa pesa taslimu kama mnunuzi mwingine yeyote. Anachopata kutokana na uhusiano huo ni uhakika wa mzigo: mashua inapotia nanga alfajiri ikiwa na makarai machache, na wanawake wamekwisha kuingia majini hadi magotini kuigombania, karai lake limekwisha kutengwa.

Ugombanizi huo una historia yake. Mbuta, yaani sangara, alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kuanzia miaka ya 1980 viwanda vya minofu ya kuuzwa ng'ambo vilileta mawakala wenye mitaji na malori ya barafu, karibu wote wakiwa wanaume. Wanawake waliokuwa wakiuza samaki wakubwa walisukumwa pembeni, wakabaki na mgongo wazi, yaani mifupa inayosalia baada ya mnofu kuondolewa, na omena. Omena naye ana masharti yake. Huvuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwaka hupungua, na kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wake hufungwa. Akishanunuliwa ni lazima aanikwe siku hiyohiyo. Mvua ikinyesha kabla hajakauka huharibika, na mwanamke humuuza kwa bei ya kutupa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku, ilhali deni la chama cha kukopeshana linamsubiri jioni. Mtu anayefanya biashara ya namna hiyo hawezi kukosa mzigo kwa siku kadhaa mfululizo kisha akaendelea kuwalipia watoto karo.

Hatari ya maambukizi, kwa maoni yangu, inaongezwa zaidi na kudumu kwa uhusiano huu kuliko na mabadilishano yenyewe. Jaboya si mteja wa usiku mmoja. Huletewa chakula, hufuliwa nguo, na baada ya miezi michache kutaja kondomu ni sawa na kumwambia kwamba hamwamini. Wakati huohuo wavuvi hufuata samaki kutoka ufuo mmoja hadi mwingine, na wengi wao wana mke nyumbani na mpenzi katika kila ufuo wanakopanga chumba. Mwanamke naye, akijua kwamba mashua moja haivui kila siku, huenda akawa na wapenzi wawili. Mahusiano yanayoendelea sambamba namna hiyo huvipa virusi njia ya haraka, hasa kwa kuwa katika wiki za kwanza baada ya kuambukizwa virusi huwa vingi sana mwilini na vipimo vya kawaida huenda visivione. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 64 wakiishi na virusi. Katika Homa Bay ilikuwa asilimia 19.6.

Lawama za jamii huongeza tatizo. Mvuvi mwenye wapenzi watatu husifiwa kwamba anajua kutunza, lakini mwanamke huitwa malaya, na akiwa mjane husemwa hata na wakwe waliotaka arithiwe na shemeji yake. Kwa hiyo muuguzi anapomuuliza ana wapenzi wangapi, hujibu mmoja. Miradi inayowatafuta wanaofanya biashara ya ngono humpita, kwa kuwa yeye hajihesabu miongoni mwao, na nadhani ana haki: anauza samaki. Vidonge vya kinga, yaani PrEP, vilianza kutolewa na serikali mwaka 2017, lakini mara nyingi nimesikia wanawake wakisema kwamba chupa yake hufanana mno na ya ARV, yaani dawa za wanaoishi na virusi, na jaboya akiikuta chini ya godoro ataamini kwamba mwenye chupa tayari anaumwa. Wavuvi nao hulala mchana, saa ambazo zahanati iko wazi.

Ndiyo maana naupa uzito mkubwa mpango ulioanza mwaka 2011 katika ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, ambapo wanawake walisaidiwa kupata mashua zao na kuwaajiri wanaume wa kuvua. Aliyesubiri majini akawa mwenye kuamua nani auziwe. Ugumu ulikuwepo, kwa kuwa mbao huoza na matengenezo ni ghali, na mwaka 2020 ziwa lilipofurika kupita kiasi Nduru ilizama na familia zikahama. Mafuriko hayo hayakuwa kosa la wazo lenyewe.

Kamati za usimamizi wa fuo, BMU, tayari husajili mashua na kusimamia upakuaji. Zingeweza kuweka foleni ya wazi kwa wanunuzi waliosajiliwa, wenye jaboya na wasio naye, na kuhakikisha makarai hayatengwi kabla mashua haijafika. Kwa upande wa afya, ningeanza na miezi ya kufungwa kwa omena: wakati huo mwanamke hana kipato, madeni kwa jaboya hukua, na msimu ukifunguliwa Agosti anaingia akiwa tayari anadaiwa. Mkopo mdogo wa chama wenye marejesho yanayoanza Septemba, pamoja na upimaji wa jioni ufuoni wakati mashua zimelala, ungemfikia kabla deni hilo halijaiva.