Kabla Hujalisha Peti, Hesabu Inaamka Mara Ngapi

Swali hili limenichosha, na najua kesho litarudi: "Bro, peti gani kali Free Fire?" (Free Fire ni mchezo wa kupigana risasi kwenye simu, na peti ni mnyama anayeandamana na mchezaji wako.) Anayeuliza kwa kawaida ana jibu lake tayari, nalo ni peti iliyotoka juzi kwenye tukio la almasi (sarafu ya mchezo inayonunuliwa kwa pesa halisi), yenye mabawa na moto mkiani. Mtaani ameambiwa kwamba peti ya bei ndiyo inayoua. Pesa ya Mobile Money imeishia kwenye almasi, chakula chote kamwagiwa huyo mnyama, na kwenye skwadi mwenyewe bado anaanguka wa kwanza.

Sikilizeni, ndugu zangu. Bei ya peti haihusiani na kazi yake uwanjani. Kila peti inakupa ujuzi mmoja, na kila ujuzi una sharti lake: ukiangusha adui, ukitumia medikiti, ukiishiwa kuta za glu (kinga unazosimamisha mbele yako), ukichuchumaa, zoni (eneo salama) ikibana. Sharti lisipotimia umebeba pambo. Kwa hiyo uliza mambo mawili tu: katika mechi zangu sharti hilo hutimia mara ngapi, na kila likitimia napata nini? Zidisha. Ni hesabu ya P.3, lakini watu hawaifanyi.

Namba nitakazotumia ni zile ambazo peti hizi zimejulikana nazo. Garena, wenye mchezo huu, huzirekebisha kwenye masasisho, kwa hiyo soma ukurasa wa ujuzi kwenye simu yako kabla ya kubishana nami.

Tuanze na Detective Panda, maana sifa zake ndizo zinazonikera kuliko zote. Ukiangusha adui, Panda anakurudishia HP (pointi za uhai) 4, na akikomaa HP 10. Watu wanasema "ukiua unajaza damu". Damu gani? Una HP 200. Ukiangusha wawili kwa mechi, Panda aliyekomaa amekupa HP 20, na medikiti moja tu inarudisha 75. Panda anamfaa anayeangusha wanane au kumi kila mara, na wengi wetu hatuko huko. Nakubali kwamba hapa kuzidisha peke yake hakutoshi. Zile HP 10 zinaingia sekunde ileile ambayo adui wa pili yuko usoni kwako, na kuna mapambano yanayoamuliwa na risasi moja. HP 10 za wakati huo zina thamani kuliko HP 10 za kujificha nyumbani. Kiasi gani? Sina kipimo kizuri cha jambo hilo, na hata nikizingatia hilo bado siwezi kumpendekeza Panda kwa anayeanza.

Linganisha na Spirit Fox na Ottero, ambao wote wawili wanaamka ukitumia medikiti. Fox anaongeza HP 4 kwa kila medikiti, hadi 10 akikomaa. Ottero anakupa EP (pointi za akiba) ambazo ni 35% ya HP iliyorudishwa, hadi 65%. Medikiti ya 75 kwa 65% ni karibu EP 49. Watu wanaona 49 dhidi ya 10 wanamkimbilia Ottero, na mara nyingi wako sawa, ila waelewe wanachonunua. EP haijazi damu papo hapo, hugeuka HP polepole. Kama unajitibu katikati ya safari, kati ya pambano na pambano, Ottero anamshinda Fox kwa mbali. Kama unajitibu huku unafyatuliwa risasi na adui anakuja kwa miguu, EP 49 hazitafika kwa wakati, na zile HP 10 za Fox ziko mwilini tayari. Mchezaji anayejificha na kuzunguka pembeni amchukue Ottero. Moony naye hupunguza madhara kwa hadi 35% wakati unajitibu, lakini ukijizoeza kuweka ukuta kwanza na kutumia medikiti baadaye, hutamhitaji sana.

Sasa Mr. Waggor, ambaye analalamikiwa kwa makosa ya wenye kumlea. Malalamiko ni haya: "Nimemweka, hatoi ukuta." Waggor wa hatua ya kwanza anatengeneza ukuta mmoja wa glu kila sekunde 120, na anafanya hivyo pale tu unapokuwa huna ukuta hata mmoja. Mchezaji wetu anabeba ukuta mmoja tangu ashuke, anautunza kwa ajili ya zoni ya mwisho, na kwa dakika kumi nzima Waggor amelala. Sharti halijatimia! Ukiwa na Waggor mchanga, tumia ukuta wako wa mwisho bila hofu, hasa mapema, ili saa yake ianze kuhesabu.

Waggor aliyekomaa ni habari nyingine. Anatengeneza kila sekunde 100, na sharti ni uwe na kuta chini ya mbili. Wengi wanaangalia zile sekunde 20 zilizopungua na kusema tofauti ni ndogo. Tofauti kubwa iko kwenye sharti. Sasa unaweza kubaki na ukuta mmoja wa dharura mkononi na bado anafanya kazi. Kwa dakika kumi, yaani sekunde 600, ukibaki chini ya mbili wakati wote atakupa hadi kuta sita. Yule mchanga angeweza kukupa tano, lakini ili uzipate ungetakiwa kuishi bila ukuta wowote, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili hulifanya. Ndiyo maana nasema Waggor wa nusu njia usimhukumu. Kwenye Clash Squad, ile aina ya mechi ya timu mbili kwa raundi, mambo hubadilika: raundi ni fupi, kuta zinanunuliwa kwa pesa ya mechi, na saa yake mara nyingi haifiki.

Rockie anapunguza muda wa kusubiri wa ujuzi tendaji (ule unaouwasha kwa kubonyeza) wa mhusika wako, 6% hadi 15%. Ujuzi wa sekunde 60 unakuwa 51. Kama mhusika wako hana ujuzi tendaji, au unao lakini unaubonyeza mara moja kwa mechi, umepata sifuri. Kwa anayeubonyeza kila ukijaa, sijui peti nyingine inayoamka mara nyingi kama huyu.

Falco anaharakisha kushuka kutoka ndege, na faida ni ya timu nzima. Haijumlishwi, kwa hiyo skwadi yenye Falco wanne imepoteza nafasi tatu. Mmoja abebe, na abebe kama kweli mnashukia sehemu za ramani zenye watu wengi kama Peak au Clock Tower, ambako anayetangulia kugusa chini ndiye mwenye bunduki. Mkishukia pembeni ya ramani, kazi yake imeisha kabla hamjaanza. Clash Squad hakuna parashuti, basi.

Beaston ni wa warusha mabomu, hadi 30% zaidi ya umbali. Dr. Beanie ni wa wanaotembea wamechuchumaa. Mengine yasomeni.

Kuhusu malezi. Peti hukua kwa chakula na kwa mechi unazocheza ukiwa nayo, hadi leveli ya 7. Ujuzi wenyewe una hatua tatu, na hatua hizo hazipandi kila leveli. Leveli nyingine zinafungua miondoko na skini tu. Kwa hiyo angalia kwanza ni leveli ipi inafungua hatua inayofuata, kisha kusanya chakula kinachokufikisha hapo. Kugawia peti nne kidogo kidogo ndiyo njia ya uhakika ya kuwa na wachanga wanne. Na kama unapenda sura ya peti fulani, ibaki na sura yake, ujuzi uchague wa nyingine unayoimiliki.

Kwa sisi wa Uganda kuna jambo la kufanya kabla ya kijiko cha kwanza cha chakula. Facebook imefungwa hapa tangu Januari 2021. Akaunti iliyoungwa kwa Facebook inakulazimu kuwasha VPN ili uingie, na VPN inapandisha pingi (mchezo unachelewa kuitikia). Akaunti ya mgeni, isiyoungwa popote, ni mbaya zaidi: simu ikiibwa pale Old Taxi Park, peti ya leveli ya 7 imeondoka nayo. Unga akaunti kwa Google, na ukihamia Free Fire MAX utaikuta peti yako kwenye akaunti ileile.

Kisha chukua kalamu. Cheza mechi kumi za kawaida, na baada ya kila moja andika: umeangusha wangapi, umetumia medikiti ngapi, umebonyeza ujuzi mara ngapi, umebaki bila ukuta kwa muda gani. Nitumie karatasi hiyo na nitakujibu siku hiyohiyo. Usinitumie picha ya mnyama mwenye mabawa.