Hakuna gesi iliyolala chini ya fleti yako ya London

Kazi yangu ni kupima udongo wa viwanja vya zamani jijini London. Mteja akishasoma kwenye ripoti kwamba mahali anapotaka kununua palikuwa kiwanda cha gesi, najua kinachofuata: "Sasa hiyo gesi iliyobaki huko chini, siku ikilipuka?" Wananiuliza Waingereza, wananiuliza ndugu zetu wa Mombasa na Tanga. Leo nalijibu kwa kirefu, nipumzike.

Gesi haikubaki chini kwa sababu haikutoka chini. Hapo hapakuwa Songo Songo, kisiwa cha Tanzania kinakochimbwa gesi. Gesi ya London ilipikwa: makaa ya mawe yalipakiwa kwenye matanuri yaliyozibwa yasiingie hewa, yakapashwa moto mpaka nyuzi 1,000 hivi, na mvuke uliotoka ukapozwa, ukaoshwa na kuchujwa kabla ya kupelekwa kwenye matangi. Kampuni ya Gas Light and Coke ilipata hati ya kifalme mwaka 1812, na mwaka uliofuata Westminster Bridge ikawashwa taa za gesi. Gesi yenyewe karibu nusu yake ilikuwa hidrojeni, nyepesi kuliko hewa. Iliyovuja zama hizo ilipanda juu ikaenda zake.

Kilichobaki ni taka za usafishaji, na hizo ndizo ningependa mtu aniulize. Gesi ilipopoa ilitoa lami, iliyohifadhiwa kwenye visima vya matofali ambavyo havikukosa nyufa. Ndani ya lami mna benzini, inayosababisha saratani, na naftalini. Ukichimba shimo kwenye kiwanja cha namna hii, pua inatambua kabla ya mashine: ni harufu ya vile vidonge vyeupe vya kabatini, ila imechanganyika na barabara mpya iliyomwagwa lami jana. Mara nyingine koleo linaibua udongo wa buluu iliyokolea, unadhani mtu kamwaga rangi. Huo ni masalia ya oksidi ya chuma iliyotumika kunasa salfa na sianidi. Wenye viwanda waliichoka, wakaifukia pale pale au wakaitumia kujazia mabonde. Huko Beckton, penye kiwanda kikubwa kilichoanza 1870, taka zilirundikwa mpaka zikawa kilima, na baadaye watu wakapafanya mahali pa kuteleza kwa ski. Wenyeji wanapaita Beckton Alps, kwa kejeli.

Kwa hiyo acha kuuliza kuhusu mlipuko. Uliza udongo ulisafishwa kwa kina gani, juu iliwekwa tabaka safi la unene gani, na kama chini ya sakafu kuna utando wa kuzuia mvuke wa benzini usipenye ndani. Ukumbi wa O2 pale Greenwich umesimama juu ya kiwanja cha gesi, na kilisafishwa kwanza. Ukishahamia, usichimbe. Kwenye bustani tabaka safi mara nyingi ni sentimita 60 tu, na nguzo moja ya uzio inalitoboa. Mchicha wako upande kwenye masanduku yaliyoinuliwa juu ya ardhi. Hili nalirudia kwa kila mteja, na kila mwaka yupo anayepanda mwembe wa majaribio nyuma ya nyumba, tena kwenye baridi ile.

Madai mengine ninayoyasikia kuhusu gesi hayahitaji maneno mengi.

Wanaosema yale matangi makubwa, kama ya Kennington kando ya uwanja wa kriketi wa Oval, yalikuwa mabomu yanayongoja kiberiti: gesi bila hewa haiwaki, na tangi lilisukuma gesi kwa nje, hewa isipate njia ya kuingia. Ajali zilikuwapo. Ya kiwanda cha gesi cha Nine Elms mwaka 1865 iliua watu. Lakini tangi lililofungwa sawasawa halikuwa bomu.

Wanaosema gesi ilikuwa ya taa za matajiri: kufikia miaka ya 1890 mita za kutumbukiza sarafu ziliingia kwenye nyumba za vibarua, ukilipa ndipo unapika, kama LUKU.

Wanaosema hewa ya kiwandani ilitibu kifaduro: wazazi wa Kiingereza kweli waliwapeleka watoto wakavute ule moshi. Haikuwa dawa. Ilikuwa ni kuwavutisha sumu watoto wanaokohoa.

Na wapo wanaodhani gesi ya sasa ni ile ile iliyobadilishwa jina. Si hivyo. Gesi asilia ya Bahari ya Kaskazini ilipopatikana miaka ya 1960, kati ya 1967 na 1977 mafundi walipita nyumba kwa nyumba Uingereza nzima wakibadilisha vichomeo, kwa sababu methani haiwaki sawa na gesi ya makaa. Ile ya zamani ilibeba kaboni monoksidi ndani yake, ikivuja inaua. Ya sasa haina, ila jiko au boila isiyopata hewa ya kutosha huitengeneza upya, nayo haina harufu. Kile king'ora cha kaboni monoksidi ulichokitoa betri ili uweke kwenye rimoti, kirudishie betri leo.