Mtaala Mpya wa Uhandisi: Uliza Kilichoondolewa

Kila baada ya miaka michache, Rasi wa ndaki ya uhandisi (mkuu wa chuo kilicho ndani ya chuo kikuu) au Amidi wa shule kuu hutoa taarifa kwa wanajumuiya: mpango mkakati umekamilika, mapitio ya mitaala yanaendelea, wadau wameshirikishwa. Hufuata orodha ya yaliyoongezwa. Akili bandia imeingia, nishati jadidifu imeingia, ujasiriamali nao umeingia. Mzazi akisoma anafurahi. Sisi tunaoshughulika na udhibiti ubora huitafuta habari ambayo haikuandikwa, nayo ni kilichotoka.

Sababu yake ni hesabu ndogo tu. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), mwaka mmoja wa shahada ya kwanza hubeba krediti 120, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Mihadhara, semina, maabara, kujisomea na mitihani, vyote vimo humo. Ni saa 1,200. Zigawe kwa wiki 30 za masomo, unapata saa 40 kwa wiki, kama mtu aliyeajiriwa. Shahada ya uhandisi ya miaka 4 kwa hesabu hiyo ni krediti 480. Ukiingiza kozi ya krediti 8, lazima krediti 8 zitoke mahali. Idara isiyotaka kumuudhi mhadhiri yeyote haitoi kitu. Hubandika kozi mpya juu ya ya zamani, halafu hushangaa ripoti za maabara za darasa zima zinapofanana neno kwa neno, na orodha ya sapu, yaani mitihani ya marudio, inapozidi kurefuka.

Kazi yenyewe ya mapitio hufanyika kwenye jedwali ambalo umma haulioni. Upande wa kushoto zimeorodheshwa kozi zote. Juu yameandikwa mambo ambayo mhitimu anatakiwa ayaweze: kuchambua tatizo, kusanifu, kufanya majaribio, kukadiria gharama, kufanya kazi na wenzake, usalama, maadili. Kila mhadhiri anaweka alama ya vema pale kozi yake inapogusa. Mara ya kwanza jedwali hujaa mpaka linapendeza. Kisha mwenyekiti anauliza swali moja: nionyesheni mtihani au ripoti inayopima jambo hili. Hapo alama zinaanza kufutika. Chini ya usalama unakuta kozi tatu zinazoutaja darasani, na hakuna hata moja inayoutolea maksi. Kukadiria gharama kumeachiwa mradi wa mwaka wa mwisho, mwanafunzi akiwa hajawahi kuandaa makadirio hata ya kibanda cha mlinzi.

Jedwali hilohilo ndilo linaloonyesha mahali pa kupunguza. Mfano wa kawaida ni boriti iliyoegemezwa ncha mbili. Inafundishwa kwenye mekanika mwaka wa kwanza, inarudi kwenye uimara wa mata, inarudi tena kwenye uchambuzi wa miundo, na kila mhadhiri anaanzia sifuri kwa kuwa hamwamini aliyemtangulia. Walimu watatu hao wakikaa meza moja asubuhi moja, zinapatikana saa za kufundishia jambo jipya bila kugusa msingi. Ni kikao kigumu kuliko warsha yoyote ya wadau, maana kozi kwa mhadhiri ni kama shamba la urithi: ukisogeza mpaka kidogo, utasikia.

Msingi nautetea kwa sababu ya muda. Mapitio yakichukua mwaka mmoja au miwili, kuanzia idara, bodi ya ndaki, seneti hadi TCU, yakafuata masomo ya miaka 4, kisha miaka 3 ya mafunzo ya usimamizi kwa wahandisi wahitimu chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), mpango wa SEAP ulioanza 2003, basi mtaala unaojadiliwa leo utatoa mhandisi mtaalamu wake wa kwanza baada ya miaka 8 au 9. Programu ya kompyuta inayovuma leo huenda itakuwa imesahaulika. Treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, mfumo wake ulikuwa wa mkondo geu wa kilovolti 25. Mhandisi aliyeielewa vizuri sakiti ya mkondo geu na sumaku-umeme alikuwa na pa kuanzia, hata kama neno reli halikuwahi kutajwa darasani kwake.

Hili si geni kwetu. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Mwaka 2001 kikaungana na taasisi ya ubunifu wa uzalishaji, IPI, ikazaliwa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Wanafunzi wa mwanzo walikokotoa kwa rula ya kihandisi, ile ya kutelezesha iliyotumika kabla ya kikokotoo. Rula imekwenda, lakini milinganyo waliyoikokotoa bado tunaifundisha.

Kwa mzazi na mwombaji kuna jambo la kuhakikisha mapema. TCU ndiyo inayotoa ithibati ya programu, na ERB ndiyo inayosajili wahandisi. Ni milango miwili, na kupita mmoja hakukufungulii wa pili. Kenya wamelionja hilo: wahitimu zaidi ya 100 wa uhandisi walikataliwa usajili na bodi ya huko, wakaenda mahakamani, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi 2018. Hiyo ni miaka ya ujana iliyopotea koridoni. Jina jipya la shahada, hata likivutia namna gani, liulizie kwa bodi kabla ya kulipa ada.

Kwa aliyekwisha kuanza, swali ni jingine: je, mtaala mpya unanihusu? Kwa kawaida huanza na mwaka wa kwanza, na waliotangulia humaliza na ule waliosajiliwa nao. Anayeumia ni aliyefeli kozi ya mtaala wa zamani au aliyeahirisha masomo. Akirudi, kozi yake haifundishwi tena. Taarifa ya uongozi iliyokamilika huambatanisha orodha ya ulinganifu, kozi gani mpya inasimama badala ya ipi ya zamani, na inataja mwaka wa mwisho wa mitihani ya mtaala unaozikwa. Usipoiona, iombe ofisi ya mratibu wa masomo wa idara kwa maandishi, na nakala ya majibu uitunze pamoja na matokeo yako.