Alibi si kisingizio

Kwenye vibaraza vya mahakama, Mbeya hata Iringa, wengi huichukulia alibi kama jina la kisomi la kisingizio. Sivyo: ni utetezi wa mshtakiwa kwamba kosa lilipotendeka yeye alikuwa mahali pengine. Kwa Kilatini ni kielezi, "mahali pengine", kutokana na alius, yaani "-ingine", na kiishio cha mahali kinachoonekana pia katika ubi, "wapi". Waingereza walipoichukua karne ya 18 waliitumia kwanza kama kielezi hivyohivyo, nomino ilifuata. Maana ya kisingizio ni ya karne ya 20.

Kwa hiyo mshtakiwa wa wizi wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, anayesema "sikukusudia" hana alibi. Anayesema saa ileile alikuwa Mafinga, mkoani Iringa, anayo. Akisema alikuwa Soweto, jirani tu, utetezi unalegea: angeweza kufika kwa miguu.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka atoe notisi kabla ya usikilizwaji. Akikosa, atoe maelezo kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wake. Akipitiliza hapo, mahakama inaweza kutoupa utetezi huo uzito wowote. Lakini hawajibiki kuthibitisha kwamba alikuwa Mafinga. Mzigo wa kuthibitisha kosa unabaki kwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka.