Je, wajua kwa nini kitufe cha kuzima mota hupitisha umeme kabla hakijabonyezwa?

Anayeanza kujifunza PLC, yaani kompyuta inayoendesha mitambo ya viwandani, karibu kila mara hupewa zoezi hili: kitufe cha kijani kiwashe mota, chekundu kiizime. Mimi lilinitoa jasho. Chekundu kilikuwa cha aina inayopitisha umeme muda wote na kuukata kinapobonyezwa, basi nikakichora hivyohivyo kwenye programu: kontakti iliyofungwa, yaani alama ya swichi inayopitisha umeme. Nikabonyeza kijani. Kimya. Nikabonyeza vyote viwili kwa pamoja, mota ikaunguruma. Nilipoachia chekundu, ikazima. Nilikagua nyaya mara tatu, na hazikuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa kudhani kwamba alama kwenye programu ni picha ya kitufe. Dhana hiyo ina asili yake. Mwaka 1968 General Motors ilitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya makabati yaliyojaa rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme. Mhandisi Dick Morley na wenzake wakaja na PLC iitwayo Modicon 084, na lugha ya ngazi, yaani programu inayochorwa kwa mistari kama vipago vya ngazi, ikafuata sura ya michoro ambayo mafundi umeme walikwisha kuizoea. Sura ilibaki, maana ikahama.

PLC haikioni kitufe. Mwanzoni mwa kila mzunguko, ambao kwa kawaida huchukua milisekunde chache tu, hupita kwenye terminali za kuingizia na kuandika kwenye kumbukumbu: penye umeme 1, pasipo na umeme 0. Kisha husoma programu kipago kwa kipago, ndipo huwasha au kuzima vifaa. Kontakti iliyo wazi ni swali: “Pameandikwa 1?” Iliyofungwa huuliza: “Pameandikwa 0?” Kitufe changu chekundu, kikiwa kimetulia, kilikuwa kinaandika 1, nami nikadai 0 ndipo mota iende. PLC ilinitii kwa uaminifu wa kukera. Dawa ni kuchora vitufe vyote viwili kama kontakti zilizo wazi.

Sasa, kwa nini chekundu kisiwe cha aina ya kijani, kinachopitisha umeme kinapobonyezwa tu, mambo yakawa mepesi? Mfikirie mlinzi wa usiku anayegonga kipande cha reli kila saa. Mlio wake hauna habari mpya. Unasema tu yupo na yu macho. Usiposikika, watu huamka, awe amelala, ametoroka au amevamiwa. Umeme wa kitufe chekundu ndio mlio huo. Ukikatika kwa kidole, kwa panya au kwa skrubu iliyolegea, PLC husimamisha mota bila kuuliza sababu. Mlinzi wa kupiga kelele akiona mwizi tu angekuwa rahisi kumwajiri, ila ukimya wake usingekuambia lolote.

Kinga hii ina mpaka. Waya wa kitufe ukigusana na waya mwingine wenye volti 24, PLC itaendelea kuona 1: mtu mwingine anagonga reli huku mlinzi akikoroma. Ndiyo maana kitufe cha dharura hakiachiwi programu ya kawaida peke yake. Hupitishwa kwenye rilei ya usalama, au PLC iliyotengenezwa mahususi kwa usalama.

Kwenye meza ya mazoezi, mota ikizunguka, chomoa waya wa kitufe chekundu: itazima papo hapo. Rudisha, washa tena, kisha chomoa wa kijani. Itaendelea kuzunguka kana kwamba hujagusa kitu.