Kupumzisha malisho ni nini?

Kupumzisha malisho ni kuondoa mifugo kwenye kipande cha ardhi na kutoirudisha mpaka nyasi zilizoliwa ziote tena na mizizi yake ipate nguvu. Wafugaji wa Kimaasai wa Monduli na Longido hawalioni jambo hili kuwa geni. Olopololi ni eneo la karibu na boma wanaloachiwa ndama na ng'ombe wagonjwa. Alalili ni malisho ya akiba yanayofungwa wakati wa mvua ili kiangazi kikute nyasi bado zimesimama.

Wengi wetu tunaamini malisho huharibiwa na wingi wa ng'ombe. Wingi una sehemu yake, lakini muda ndio unaoua zaidi. Nyasi zikiliwa huchipua kwa kutumia akiba iliyo kwenye mizizi na kwenye kitako cha shina, na majani mapya yakishakua ndiyo huirudisha akiba hiyo. Masika, ng'ombe akikaa palepale siku nne au tano, chipukizi limeshatokeza, na kwa kuwa ni laini atalifuata hilo na kuyaacha majani makavu ya pembeni. Shina likiliwa hivyo mara kwa mara, mizizi yake hufupika, na mvua ikikatika kidogo tu linakauka.

Nilichimba mashina mawili Kisongo nione mwenyewe. La kwanza lilikuwa kando ya njia ya kwenda kunywesha: niling'oa kwa mkono, mizizi haizidi kidole. La pili lilikuwa katikati ya kichaka cha miiba, mahali ambapo mdomo wa ng'ombe haufiki. Hilo lilinitoa jasho na jembe.

Tuje kwenye hesabu, maana faida iko hapa. Ng'ombe wa kilo 250 hula kwa siku kama asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 6.25 za nyasi zikipimwa zikiwa kavu. Ng'ombe 10 watakula kilo 62.5. Tengeneza fremu ya miti ya mita moja kwa mita moja, iweke chini, kata nyasi zote zilizo ndani, zianike mpaka zikauke kabisa, kisha pima. Rudia sehemu kadhaa upate wastani. Ukipata gramu 200, ekari moja (kama mita za mraba 4,000) ina takriban kilo 800. Nusu yake iache isimame, ilinde udongo na mizizi. Zinabaki kilo 400 za kulisha, zinazowatosha ng'ombe wako 10 kwa siku 6.

Lakini masika siku 6 ni nyingi, chipukizi litaliwa. Ekari hiyohiyo ukiingiza ng'ombe 20 kwa siku 3, watakula kilo zilezile na kuondoka kabla halijatokeza. Kama kila kitalu, yaani kipande cha malisho, kinaliwa siku 3 na kupumzika siku 30, unahitaji vitalu 11: kumi vimepumzika, kimoja kinaliwa. Kiangazi nyasi hukua polepole, kwa hiyo mapumziko hurefuka. Seng'enge si lazima. Mchungaji makini na mipaka inayojulikana, korongo hapa na mgunga pale, vinatosha.

Nyasi zisipoliwa mpaka chini, minyoo nayo hupungua, kwa sababu viluwiluwi vyake vingi hukaa karibu na udongo. Kwa kupe usijidanganye: anaweza kukaa miezi mingi bila kula. Ndigana kali, ugonjwa anaoueneza kupe, bado inataka josho.

Kwa wenzetu wa miteremko ya Moshi wanaofuga bandani kwa mabingobingo na migomba, kanuni ni ileile, ila panga ndilo mdomo. Wasikate mpaka ardhini, na bua lisirudiwe kabla halijarefuka vya kutosha.

Hesabu inayoleta pesa zaidi hufanywa mwishoni mwa Mei, mvua zinapoaga. Kutoka Juni mpaka Oktoba ni kama siku 150. Ng'ombe mmoja atahitaji takriban kilo 940. Ukiwa na ekari 15 zenye nyasi kama zile za mfano wetu, una kilo 6,000 za kulisha, yaani ng'ombe 6. Wanne waliobaki wapeleke mnada wa Meserani mwezi Juni, wakati bado wamenenepa na mnunuzi hajaanza kuwahesabu mbavu.